Jinsi ya Kuchunguza Macho Yanavyotazama: Anza na Yako, Kisha Nenda kwa Wanyama

Maswali ni yaleyale kila mara. "Paka anaona gizani kabisa?" "Mbona kuku hatulizi kichwa akitembea?" "Mbwa anajua rangi?" "Nianzie wapi nikitaka kuelewa mnyama anaonaje?" Anayeuliza hili la mwisho mara nyingi amekwisha kujaribu. Ameketi, amemkodolea mnyama macho nusu saa nzima, na ameondoka bila kitu cha kuandika.

Mnyama hana kosa. Huwezi kulisoma jicho la mbuzi kabla hujajua jicho lako mwenyewe linakuficha nini, na linakuficha mengi. Kwa hiyo hatua 6 za kwanza ni juu yako wewe, na 5 zinazofuata ni juu ya wanyama. Usiziruke za kwanza. Jioni mbili na asubuhi moja zinatosha kumaliza zote.

Vitu vya kuandaa

- Karatasi nyeupe, kalamu nyeusi ya wino mzito na rula
- Ukurasa wowote uliojaa maandishi
- Kioo kidogo cha mkononi
- Simu yenye kamera, ikiwezekana inayoweza kurekodi mwendo wa polepole
- Kalamu 4 au 5 za rangi tofauti
- Ua au kitambaa chekundu, na jani bichi
- Tochi ndogo yenye mwanga hafifu
- Daftari na penseli
- Mwenzako mmoja mwenye subira
- Mnyama aliyekwisha kukuzoea. Wa porini wasubiri kwanza.

Kabla ya kugusa chochote

Usitazame jua kwa jaribio lolote, hata kwa kufumba jicho moja, hata kupitia kitundu. Retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, haina maumivu ya kukuonya. Utajua imeungua baadaye, na huenda isipone.

Usimmulike mnyama machoni kwa tochi kali, na leza usiitumie kamwe. Usimkazie macho mbwa usiyemfahamu. Kwako ni kutazama, kwake ni kuchokozwa.

Sehemu ya kwanza: macho yako

Hatua ya 1. Pima unachokiona sawasawa. Nyoosha mkono mbele yako mpaka kiwiko kinyooke, inua dole gumba na utazame ukucha. Upana wa ukucha kwa umbali huo ni kama digrii 2, na hapo ndipo jicho lako linapoona kwa ukali kamili. Basi. Chumba kizima kilichobaki kina ukungu. Hujawahi kuugundua ukungu huo kwa sababu kila unapotaka kuukagua, jicho linaruka hapohapo, na mahali palipokuwa na ukungu panakuwa pa wazi.

Usiniamini kwa maneno. Chukua ule ukurasa wa maandishi, chagua herufi moja katikati, ikazie macho. Sasa, bila kuliondoa jicho hapo, jaribu kusoma neno lililo mistari 4 chini. Utajua kwamba kuna neno. Utajua hata kama ni refu au fupi. Kulisoma hutaweza.

*Kosa la kawaida:* jicho linatoroka bila wewe kujua, kisha unasema jaribio ni la uongo. Mwambie mwenzako aketi mbele yako ayatazame macho yako tu, na apige makofi kila yanapocheza. Wengi hushangaa makofi yanavyokuwa mengi.

Hatua ya 2. Jaribu kuyakamata macho yako yakiruka. Shika kioo karibu na uso. Tazama jicho lako la kushoto, kisha la kulia, kisha la kushoto. Je, umeyaona yakisogea? Hapana. Yanaonekana yametulia tuli, kwanza hapa, halafu pale. Mwulize mwenzako aliye pembeni: yeye ameona yanaruka waziwazi. Kisha jirekodi kwa simu ukifanya vilevile, uitazame video. Hapo utayaona.

Macho huruka hivi karibu mara 3 kwa sekunde, kutwa nzima, na katikati ya kila mruko ubongo huizima picha ili dunia isionekane ikiyumba. Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote. Ukishaiona ile video ukakumbuka kioo hakikukuonyesha kitu, hutasema tena kwa urahisi kwamba umekiona kitu "kwa macho yako mwenyewe".

Hatua ya 3. Tafuta doa pofu. Chora msalaba mdogo upande wa kushoto wa karatasi, na sentimita 8 kulia kwake chora doa jeusi lenye ukubwa wa njegere. Funika jicho la kushoto. Kwa jicho la kulia utazame msalaba, na karatasi iwe umbali wa mkono ulionyooshwa. Ilete karibu taratibu. Ikifika kama sentimita 30 kutoka usoni, doa litatoweka. Ukiendelea kuisogeza litarudi.

Mfaransa Edme Mariotte aliligundua hili miaka ya 1660. Ni mahali neva ya jicho inapotokea nyuma kwenda kwenye ubongo, na pale hakuna chembe hata moja ya kupokea mwanga. Sasa fanya nyongeza ambayo wengi huiacha: piga mstari mrefu unaopita kwenye msalaba na kwenye doa, urudie. Doa linatoweka, lakini mstari haukatiki. Ubongo umeujaza mwenyewe kwa kukisia.

Pweza hana doa hili. Neva zake zinatokea upande wa nyuma wa retina, kwa hiyo hazihitaji kuitoboa.

*Kosa la kawaida:* kulifuata doa kwa jicho. Macho yabaki kwenye msalaba.

Hatua ya 4. Chora ukingo wa macho yako. Keti, tazama kitu kimoja mbele. Mwenzako asimame nyuma yako na alete kalamu moja ya rangi kutoka pembeni, usawa wa masikio, akiitikisatikisa. Asikuambie ni rangi gani. Sema "naona" mara tu utakapohisi kitu kinacheza. Sema rangi ukiwa na hakika nayo. Sema ni kitu gani ukikitambua. Aweke alama mahali pa kila neno.

Utakuta mambo matatu hayafiki pamoja. Mwendo unatangulia, karibu kabisa na sikio, maana macho yote mawili kwa pamoja yanafunika kama nusu duara, digrii 180 hivi. Rangi inachelewa. Umbo linafika mwisho, karibu na mbele. Rudia upande wa pili, na kalamu zibadilishwe bila mpangilio, la sivyo utaanza kubahatisha rangi iliyobaki.

Ukingo wa jicho basi ni mlinzi. Hana habari kamili. Kazi yake ni kusema "kuna kitu kimecheza kule", ndipo jicho liende. Liweke hili akilini mpaka utakapofika kwa wanyama.

Hatua ya 5. Ingia gizani taratibu. Anza kabla jua halijazama. Weka ua jekundu na jani bichi pamoja nje, uyatazame kila baada ya dakika 5 giza likiingia. Mchana nyekundu inang'aa kuliko jani. Jioni inageuka: ua linakuwa jeusi, na jani bado linaonekana jeupejeupe. Mcheki Jan Purkyně aliliona hili kwenye maua karne ya 19, na badiliko hilo linaitwa kwa jina lake. Sababu yake ni kwamba jicho lina seli za aina mbili za kuonea. Koni, kama milioni 6 hivi, ni za mchana na rangi. Rodi ni nyingi zaidi, zaidi ya milioni 100, ni za giza, hazijui rangi na nyekundu karibu haziioni kabisa.

Kisha kaa gizani bila taa. Dakika 10 za kwanza utapata nafuu kidogo, ukadhani umefika mwisho. Hujafika. Rodi zinahitaji dakika 20 hadi 30. Ukiwasha simu mara moja tu kuangalia saa, unaanza upya.

Zikipita hizo dakika, tafuta nyota hafifu kabisa. Itazame moja kwa moja: inapotea. Tazama pembeni yake kidogo: inarudi. Katikati ya jicho, pale penye ukali wa ukucha wa dole gumba, hakuna rodi. Usiku, mahali unapopategemea zaidi ndipo ulipo kipofu.

Hatua ya 6. Pima umakini. Hii haihusu jicho bali kile kilicho nyuma yake. Keti mahali penye pilikapilika kwa dakika 5, uhesabu kitu kimoja tu, kama ndege wanaotua. Mwenzako aandike kimyakimya kila kingine kinachotokea. Halafu akuulize.

Usijilaumu kwa majibu yako. Mwaka 1999 watafiti Daniel Simons na Christopher Chabris walitoa jaribio ambapo watu waliambiwa wahesabu pasi za mpira kwenye video. Mtu aliyevaa vazi la sokwe alipita katikati ya wachezaji, na karibu nusu ya watazamaji hawakumwona. Mwaka 2013 wengine waliweka picha ndogo ya sokwe kwenye picha za mapafu na kuwapa madaktari 24 waliobobea kusoma picha hizo, wakitafuta vivimbe. Madaktari 20 hawakumwona. Macho ya baadhi yao yalipita juu yake kabisa.

Sehemu ya pili: macho ya wanyama

Sasa unajua kwamba kuona ni kugawana: ukali mahali padogo, ulinzi pembeni, na usiku mambo yanapinduka. Kila mnyama amegawana kwa namna yake. Kazi yako ni kutafuta mgao wake uko wapi.

Hatua ya 7. Chora macho yalipo. Simama mbele ya mnyama kwa mbali, kisha ubavuni, kisha nyuma yake pembeni. Kila mahali jiulize: naliona jicho lake? Ukiliona, naye anakuona. Kwa paka utalipoteza jicho mapema. Kwa sungura karibu hutalipoteza, maana anaona karibu mzunguko mzima. Farasi naye anakaribia digrii 350, ila ana sehemu mbili asizoziona: nyuma ya mkia moja kwa moja, na mbele kabisa, chini ya pua. Ndiyo maana farasi husogezewa kutokea begani, huku ukiongea naye.

Bundi ana njia nyingine. Macho yake hayazunguki kichwani, kwa hiyo anageuza kichwa chote, hadi digrii 270. Kinyonga anayapeleka macho mawili pande mbili tofauti, na kuyaleta pamoja mbele anapotaka kurusha ulimi.

Hatua ya 8. Tazama mboni. Mboni ni kile kitundu cheusi katikati ya jicho. Hapa usiwe na haraka, na ukiweza kupata mbuzi mpole, nenda kwake kwanza.

Mchana wenye mwanga, mboni ya mbuzi ni mstari mpana uliolala, kama tundu la kutumbukizia sarafu. Piga magoti ubavuni mwake kichwa kikiwa juu. Mstari umelala sambamba na ardhi. Sasa msubiri ainamishe kichwa kula majani. Kichwa kinashuka, pua inaelekea chini, na ungetarajia mstari nao usimame wima kufuata kichwa. Hausimami. Jicho lote linajizungusha ndani ya tundu lake, kama gurudumu, na mstari unabaki umelala. Anatafuna, anainua kichwa, jicho linarudi. Nimeliangalia hili mara nyingi, na bado kila mara napiga magoti tena ili nilione.

Kundi la watafiti lililoandika juu ya aina 214 za wanyama wa nchi kavu mwaka 2015 lilikuta mpango. Mboni zilizolala ni za wanyama wanaowindwa, wenye macho ubavuni. Zinawapa upana wa kuona usawa wa ardhi, upande ambao adui atatokea. Mboni zilizosimama wima ni za wawindaji wavamizi walio karibu na ardhi, kama paka wa nyumbani. Zinawasaidia kupima umbali wa kuruka. Simba na chui, warefu zaidi, wana mboni za duara.

Chora mboni mara 3: kwenye jua kali, kivulini, na jioni. Mchoro mmoja haukufai kitu.

Hatua ya 9. Rekodi kichwa cha kuku au njiwa. Watu husema kinatikisika. Rekodi kwa mwendo wa polepole, kutoka ubavuni, kwa urefu wa ndege, na kitu chenye mistari nyuma yake kama ua wa fito. Utaona kichwa hakitikisiki hata kidogo. Kinatupwa mbele, halafu kinasimama palepale hewani huku mwili ukikifuata. Kisha kinatupwa tena. Wakati kimesimama ndege anapata picha iliyotulia.

Ni ileile miruko ya macho yako ya hatua ya 2, ila ndege huifanya kwa shingo. Mwaka 1978 njiwa walitembezwa kwenye mkanda unaorudi nyuma, kiasi kwamba walitembea bila kwenda popote. Vichwa viliacha kurukaruka. Kilichokuwa kinaviendesha ni mandhari inayosogea, wala si miguu.

Ukiwa na kuku aliyezoea kushikwa, mshike kwa mikono miwili kifuani, umpeleke polepole mbele na nyuma. Mwili unakwenda, kichwa kinabaki. Mara 2 au 3 zinatosha, umwachie.

Hatua ya 10. Tafuta macho yanayong'aa usiku. Shika tochi hafifu kando ya jicho lako, si kiunoni. Mwanga unarudi ulikotoka, na usipokuwa karibu nao hutauona. Elekeza chini kwanza, kisha pandisha polepole kwa sekunde 2 tu. Paka, mbwa, mbuzi na ng'ombe watang'aa, kwa sababu nyuma ya retina wana tabaka linalofanya kazi kama kioo na kuupa mwanga nafasi ya pili ya kupita kwenye seli. Nguruwe hana. Wewe pia huna. Ukiona nukta ndogo zinazometa kwenye nyasi na hakuna umande, nenda taratibu: huenda ni buibui.

Na hapa ndipo swali la paka linapojibiwa. Anahitaji mwanga kidogo sana kuliko wewe, lakini anauhitaji. Giza tupu ni giza kwake pia.

Hatua ya 11. Malizia kwa wadudu. Sogeza kidole haraka kuelekea nzi: ameshaondoka. Sogeza polepole sana, na mara nyingi utakaribia kuliko ulivyotegemea. Jicho lake linanasa mabadiliko ya haraka mara kadhaa kuliko lako.

Ukimpata vunjajungu, inama umtazame jichoni. Kuna nukta nyeusi inayokutazama. Nenda kushoto, inakufuata. Nenda kulia, inakufuata. Lakini haisogei chochote. Jicho lake ni vijicho vingi vidogo vilivyopangwa pamoja, na nukta ni vile tu vinavyokuelekea sawasawa, vinavyomeza mwanga badala ya kuurudisha kwako. Ukihama, vingine ndivyo vinavyokuelekea. Kereng'ende mkubwa ana vijicho kama hivyo hadi karibu 30,000 kwa kila jicho.

Namna ya kuandika

Andika saa, mwanga, umbali kwa hatua za miguu, na kitendo. Usiandike "ameniona". Andika "ameinua kichwa, masikio mbele, ameacha kutafuna". Kuona kwake hukukuona. Ulichoona ni shingo na masikio. Anayechanganya hivi viwili kwenye daftari hawezi kuvitenganisha tena baada ya wiki.

Mambo yakigoma

*Doa la hatua ya 3 halitoweki.* Karibu kila mara umefunika jicho lisilo sahihi. Msalaba uwe upande wa pua, doa upande wa sikio la jicho lililo wazi. Karatasi isiinamishwe.

*Nyota haipotei ukiitazama.* Inang'aa mno. Chagua hafifu zaidi, au ongeza dakika gizani.

*Rangi za hatua ya 4 zinakuchanganya hata mbele ya uso.* Nyekundu na kijani zikifanana kwako hata mchana, huenda umezaliwa hivyo. Huwapata zaidi wanaume. Tumia bluu na njano, jaribio litakwenda vizuri tu.

*Mboni ya mbuzi inaonekana kama duara.* Upo kivulini au jioni imeingia. Mboni hutanuka gizani. Rudi mchana.

*Macho ya paka hayang'ai.* Tochi iko chini mno, au hajakuelekea. Usiongeze ukali wa mwanga, badilisha pembe.

*Mbwa hauoni mpira mwekundu nyasini.* Si mkaidi, wala haoni nyeusi na nyeupe tu. Ana koni za aina mbili, wewe unazo 3. Bluu na njano anazitofautisha, ila nyekundu na kijani kwake zinakaribiana sana. Mpe mpira wa bluu uone tofauti.

*Mnyama anaondoka kila ukikaribia.* Unakuja moja kwa moja huku umemkazia macho, kama mwindaji. Njoo kwa kuzunguka, uso umeelekea pembeni, uketi. Mtazame kwa ukingo wa jicho lako, ulishaupima.

*Unaona vimwale vinavyowaka ghafla, mvua ya vinukta vyeusi, au pazia linashuka upande mmoja wa jicho.* Hilo halimo katika majaribio haya. Acha kila kitu umwone daktari wa macho siku hiyohiyo.